Imechafuka, Leteni Nyingine

Kazini walimwita Mama Sahani, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani ni mpishi wa kantini. Hakuwa mpishi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa maabara ya hospitali, meza ya bakteria, na sahani zake zilikuwa zile ndogo za plastiki zenye vifuniko, zilizojazwa uji mgumu uliochanganywa na damu ya kondoo, chakula ambacho bakteria hawakisusii. Unachovya kitanzi cha waya kwenye sampuli, unachora mistari juu ya ule uji, unaifunga sahani, unailaza kifudifudi kwenye kabati la joto, unakwenda zako nyumbani. Kesho yake asubuhi unafungua kabati na harufu inakupokea mlangoni. Mama Sahani alikuwa na pua, bwana! Kabla hajawasha taa ya hadubini alishakutajia nani ameota: huyu ananukia zabibu, yule ananukia udongo mbichi, na yule wa tatu hahitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kuingia chooni. Wenzake walimtania kwamba siku akistaafu itabidi hospitali imkate pua, ibaki nayo.

Hakujaliwa mtoto, na mume aliondoka zamani bila hata kubamiza mlango. Alikuwa na mdogo wake. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake saba, akambeba jumla jumla: akamfulia, akamchapa, akamsomesha, akamuuguza surua. Mdogo wake alikua akawa kinyozi, na mpaka mwisho watu wa mtaani walimwita Kinyozi, hata mkewe. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, kioo kikubwa ukuta mzima, na mashine iliyonguruma mchana kutwa, lakini sauti yake yeye iliishinda mashine. Wateja walisema kunyolewa ni nyongeza tu, walichokifuata ni maneno. Dada yake akipita kumsalimia, Kinyozi alisimamisha kazi na kumtambulisha kwa walioketi kwenye benchi.

"Huyu ndiye dada yangu. Ana marafiki milioni mia, na wote wanaishi kwenye matumbo yenu."

Dada alijifanya kukasirika, kisha njia nzima akirudi nyumbani anacheka peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake, hiyo na watoto watatu wa Kinyozi waliokuja kula kwake kila Jumapili, wala hakuwa na nyingine ya kuhesabu.

Sasa ngoja tuizungumzie ile kadi ya ukutani, maana bila kadi hakuna habari hii.

Miaka kumi na minne nyuma, maabara ile ilikuwa inazama kwenye mkojo. Wauguzi wa wodini walikuwa wakiuchota kutoka kwenye beseni la kitandani, wanautia kwenye kikombe, wanauleta. Sahani zikiota, unakuta bakteria aina tano, sita, saba, wengine wa ngozini, wengine wa kwenye beseni, wengine hata hawajulikani walikotoka. Kila aina ipimwe kivyake, na wapimaji walikuwa wawili tu. Majibu yalichelewa wiki nzima, na yakifika hayana maana. Siku moja Mama Sahani alichoka. Akachukua kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: ZIKIOTA AINA TATU AU ZAIDI, SAMPULI IMECHAFUKA. USIENDELEE. ANDIKA: LETENI NYINGINE. Akaibandika juu ya meza.

Ndani ya miezi miwili wodi zilijifunza adabu. Vikombe vilikuja safi, majibu yakatoka kwa wakati, mkuu wa maabara akamsifu mbele ya watu. Na kwa mkojo, tuseme ukweli, alikuwa sahihi kabisa. Kosa lake ni kwamba kwenye kadi ile hakuandika neno mkojo. Wakati ule hakukuwa na haja, kila mtu alijua kinachozungumziwa. Lakini watu huhama, wapya huajiriwa, na kadi hubaki pale pale ukutani na herufi zake kubwa.

Kati ya hao wapya alikuwamo Mama Pacha, mwanamke wa makamo aliyetoka zahanati ndogo, mwepesi wa mkono na mwoga wa kukosea. Mama Sahani alimfundisha kazi tangu kuwasha kichomeo. Hospitali ilipopata daktari wa upasuaji aliyejua kupenyeza mrija ubavuni mpaka kwenye ini, vikombe vya nyongo vikaanza kuletwa, kimoja kimoja, kimiminika kizito chenye rangi ya kijani iliyoiva. Siku kilipofika cha kwanza walikuwa na sampuli themanini mezani na maji yamekatika. Mama Pacha akainua kikombe.

"Mama, na hii nyongo nayo tunafuata kadi?"

"Kikombe ni kikombe," alijibu Mama Sahani bila kuinua kichwa. "Usinipotezee muda."

Mama Pacha hakuuliza tena. Ungekuwa wewe ungeuliza?

Kinyozi alianza kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, kila akila kitu chenye mafuta. Akabonyeza kwa kiganja, akasema gesi. Dada yake alimburura kwa ukali mpaka kwenye altrasaundi, na picha ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, madogo, yamelala chini kwa utulivu. Daktari akasema yatolewe kabla hayajatembea. Kinyozi akakubali kwa mdomo. Kisha ikaja wiki ya kufungua shule, wiki ambayo kila mzazi hukumbuka kwamba mwanawe ana nywele, na foleni ilifika barabarani. Mteja mmoja, amekaa kitini anajitazama kiooni, akasita.

"Fundi, mbona macho yako ya njano?"

"Ni taa hiyo," alisema Kinyozi.

Alikuwa amehisi vibaya siku mbili, na mkewe alijua. Usiku huo alimweleza maneno ya mteja, wakazungumza kuhusu hospitali, na mke akamwambia amalizie wiki, shule zikishafunguliwa wataenda kwa nafasi. Akamalizia wiki. Ijumaa alasiri baridi ikamshika akiwa na mashine mkononi, akatetemeka kiasi cha kumchora mtoto wa watu njia ya reli utosini. Akaizima mashine, akamwomba radhi mzazi, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, na hakuweza kuinuka.

Jumamosi alikuwa wodini, njano mpaka viganjani. Jiwe lilikuwa limetoka kwenye mfuko na kukwama katika mrija unaoishia kwenye utumbo. Kifaa cha kulifuata jiwe kwa kupitia mdomoni hospitali haikuwa nacho. Alichokuwa nacho daktari ni sindano ndefu na mrija, na Jumatatu asubuhi akaupenyeza ubavuni, nyongo iliyofungiwa ikapata pa kutokea. Ikatiririka kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kitandani. Kwa saa chache Kinyozi alipata nafuu na mdomo ukamrudi.

"Dada, hebu nieleze. Hao marafiki zako walifikaje huku juu? Si ulisema wanakaa chini?"

Akavuta kiti, akamweleza. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia, maana alieleza vizuri kuliko kitabu. Nyongo, alisema, hutengenezwa na ini, hungoja kwenye mfuko wake, na mtu akila humiminwa kwenye utumbo kuyeyusha mafuta. Ikitembea, inasafisha njia. Bakteria wa utumbo wako pale mlangoni siku zote, wengi, aina aina, lakini mkondo unawarudisha, na nyongo yenyewe ni kali kwao. Jiwe likiziba, mkondo unasimama. Hapo wanapanda. Wanapanda wote kwa pamoja, si mmoja, kwa sababu huko chini hawaishi mmoja mmoja. Na wako wajanja kati yao wanaoilegeza rangi ya nyongo mpaka inaganda, ikawa mawe mengine.

"Kwa hiyo wanaziba njia, halafu wanajenga ukuta juu yake," alisema Kinyozi.

"Ndiyo. Lakini tukiwajua ni akina nani, tunajua dawa inayowaua. Ndiyo maana daktari amechota nyongo kidogo kwenye kikombe. Itakuja kwetu."

"Basi nimepona. Iko mikononi mwako."

"Si mikononi mwangu. Ya ndugu siigusi."

Hiyo ilikuwa kanuni ya maabara, na yeye ndiye aliyeishikilia kuliko wote. Zamani mpimaji mmoja alipima damu ya mkewe, akaona asichotaka kukiona, akaandika kingine. Wawili wale walikuja kulipa kwa uhai wao. Tangu hapo, sampuli ya ndugu haiguswi na ndugu, haiangaliwi, haiulizwi. Mama Sahani aliisimamia kanuni hiyo kufa na kupona, na hakuna aliyewahi kumkamata akiikiuka.

Kwa hiyo kikombe kilipofika, alisimama, akavua glavu, akamwita Mama Pacha.

"Hii ni ya mdogo wangu. Ifanye wewe. Fuata utaratibu kama siku zote, usinionee haya."

Akaenda chumba cha pili, akashinda huko akiosha chupa za vioo ambazo hazikuwa hata chafu. Jumanne asubuhi Mama Pacha alifungua kabati la joto. Mama Sahani alikuwa mlangoni na harufu ilimfikia, akageuza uso upande wa pili makusudi, asije akajua. Baada ya nusu saa akauliza kwa mbali.

"Umemaliza ile?"

"Nimemaliza, mama. Majibu yamepanda wodini."

"Umefuata utaratibu?"

"Vile vile ulivyonifundisha."

Akashusha pumzi. Alijisikia msafi. Jumatano alipopita wodini mchana alimkuta mdogo wake ana homa, na akajiambia dawa zinahitaji muda, daktari ana majibu mkononi, anajua afanyalo. Hakuuliza majibu yalisemaje. Kuuliza ilikuwa ni kuingilia.

Alhamisi saa nne asubuhi wifi yake alimsubiri kwenye korido ya maabara. Alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana, cha kulia cheusi, cha kushoto cha mumewe.

"Wifi, anatetemeka tena. Kitanda kinalia. Na ananiita kwa jina la mama yenu."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema wanangoja sampuli nyingine. Ile ya kwanza ati ilichafuka."

Mama Sahani alisimama tu. Wifi alidhani hajasikia, akarudia kwamba wale wa maabara wameandika imechafuka leteni nyingine, na muuguzi wa zamu alikuwa na wagonjwa arobaini, akaichota jana jioni, na hata hiyo haijulikani iko wapi.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya kwa kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye magoti mabovu. Takataka za meza ya bakteria hazitupwi hivi hivi, hukaa kwenye ndoo nyekundu mpaka Ijumaa, siku ya kuwasha chungu cha mvuke kinachoua kila kitu. Akaimwaga ndoo sakafuni. Mama Pacha alipiga yowe. Mpimaji mwingine aliingia, akaona Mama Sahani amepiga magoti katikati ya sahani za siku nne akizigeuza moja moja kutafuta namba, akatoka tena kimya kimya.

Alizipata mbili. Akazipeleka dirishani, akafunua, na kanuni yake ya miaka yote ikafia pale.

Walikuwa watatu. Wa kwanza walikuwa wakubwa, wa kijivu, wakavu kidogo. Wa pili walikuwa wanene, wanateleza na kung'aa, ukiwagusa kwa waya wanavutika kama ute wa yai. Wa tatu wadogo mno, vichwa vya pini, wamejificha katikati ya wengine. Hakukuwa na wa ngozini, hakukuwa na wa kwenye beseni. Walikuwa wa utumboni watupu, wale wale aliowataja Jumatatu kando ya kitanda, wamepanda wote kwa pamoja kama alivyosema watapanda. Hiyo sampuli haikuwa imechafuka. Ilikuwa safi kuliko sampuli zote za wiki ile, na ilikuwa imejibu swali lote.

"Mama," alisema Mama Pacha nyuma yake, "zilikuwa aina tatu. Nilihesabu mara mbili. Kadi inasema..."

"Najua kadi inasema nini."

Alimpigia simu daktari. Akamwambia nani ameota. Daktari akauliza dawa gani inawaua, na hilo ndilo swali ambalo lingejibiwa Jumatano asubuhi kama mtu angeendelea na kazi Jumanne. Kujibu swali hilo kunataka siku nzima: unawapanda upya kila aina kwenye sahani yake, unatandaza juu yake vijikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa, unangoja uone kijikaratasi kipi kimejizungushia duara tupu.

"Sijui mpaka kesho," alisema.

"Mgonjwa hana kesho nyingi, mama. Nitaongeza dawa nyingine kwa kubahatisha."

"Bahatisha."

Akatandaza vijikaratasi kwa mikono yake mwenyewe. Kanuni ya ndugu haikumjia hata kichwani. Alasiri alikaa na Kinyozi, akamshika mkono uliokuwa wa moto na mkavu. Alimtambua kwa muda mfupi. Akajaribu kutania, akasema anaomba bakteria wapangiwe chumba kingine kwa sababu hiki wamemkuta yeye. Kisha akaanza kumnyoa mtu asiyekuwepo, vidole vinatembea hewani, anamwambia ainamishe kichwa, ainamishe kidogo, usitingishike. Mama Sahani alilia mbele za watu wodini, hakujali.

Ijumaa saa moja asubuhi alifungua kabati. Dawa aliyokuwa anapewa Kinyozi tangu Jumamosi haikuwa na duara lolote. Wale wanene walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa kijikaratasi, na wengine juu yake. Ile daktari aliyobahatisha, vile vile. Vijikaratasi sita vilikuwa havina duara. Cha saba kilikuwa na duara pana, safi, linalong'aa. Ilikuwa dawa ya zamani, ya kawaida, isiyo na sifa, ambayo imejaa kabatini wodini na hakuna anayeifikiria. Wale wadogo wa vichwa vya pini walihitaji nyingine ya kuisindikiza, nayo ilikuwepo.

Alipanda ngazi na karatasi mkononi. Hakumpa mhudumu aipeleke, aliipeleka mwenyewe. Daktari aliisoma amesimama, akaenda kabatini, akaivunja chupa ya kwanza kwa mkono wake bila kumngoja muuguzi. Saa mbili na robo dawa iliingia. Saa sita mkojo ulikuwa umekoma. Daktari alimwita pembeni, akamwambia walioko kwenye nyongo sasa watakufa, hana shaka, dawa ni yenyewe. Ila wameshaingia kwenye damu tangu juzi, figo zimelala, na hospitali ile haina mashine ya kuziamsha.

"Ingekuwa Jumatano?" aliuliza Mama Sahani.

Daktari alikuwa mtu mzima, hakujifanya hajaelewa.

"Jumatano alikuwa anaongea," alisema.

Kinyozi alikata roho Jumamosi mchana, jua kali, wodi imejaa wageni wa wagonjwa wengine na matunda yao. Kitanda cha pili kulikuwa na watu wanacheka. Mkewe alimfunga kidevu kwa kitambaa na dada yake akamfumba macho. Yalikuwa bado ya njano.

Jumatatu iliyofuata, siku ambayo angeweza kukaa nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu, Mama Sahani alikwenda kazini, akaing'oa kadi, akafungua daftari la sampuli. Alirudi nyuma mwaka mmoja. Bila kuhesabu kile cha mdogo wake, kulikuwa na vikombe kumi na moja vya nyongo. Tisa vimeandikwa imechafuka, leteni nyingine. Sampuli za pili zilizoletwa zilikuwa tatu. Wengine sita hakujua waliishia wapi; kulikuwa na namba tu, na wodi, na umri. Mmoja alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Alilibeba daftari mpaka kwa mkuu wa maabara, akamweleza kila kitu, kadi, kikombe ni kikombe, ndoo nyekundu. Mkuu alisikiliza huku akichezea kalamu.

"Una msiba," alisema. "Tusikuze mambo. Mama Pacha tutamhamishia meza nyingine."

"Mama Pacha hana kosa. Kosa ni langu."

"Madaktari nao wangeuliza. Kumi na moja, hakuna hata mmoja aliyeuliza? Kila mtu angeweza kuuliza. Andika kadi mpya, iwe sahihi, tuendelee."

Akaandika kadi mpya. Safari hii aliandika mkojo peke yake, na chini yake akaandika nyongo ina sheria zake, msikilizeni nani ameota. Mama Pacha alihamishwa kweli, akapelekwa kupokea vikombe dirishani, na tangu siku hiyo alikuwa akimsalimia Mama Sahani kwa heshima ile ile, macho chini. Hilo lilimchoma kuliko angetukanwa.

Wiki ya tatu wifi alimwita aje kumsaidia kufunga kile kibanda. Mashine ilishauzwa, mabenchi yalishachukuliwa, kilichobaki ni kufagia. Nywele za kibanda cha kinyozi haziishi, ziko kwenye nyufa, ziko chini ya ubao, ukifagia unazikuta tena. Wifi aliegemea ufagio.

"Ni mimi niliyemuua," alisema.

"Wifi, acha."

"Ni mimi. Mteja alimwambia macho ya njano, akaja kuniambia. Nikamwambia amalizie wiki. Nilikuwa nafikiria foleni. Nimeshawaambia watoto pia, nimewaambia mama yenu alimchelewesha baba yenu. Si haki wasijue."

Mama Sahani aliacha kufagia. Tangu maziko alikuwa amejitahidi kulisema neno hili na kila mara alipata sababu: wageni, watoto wamelala, wifi hajala. Sasa hakukuwa na mgeni. Na mbele yake alikuwepo mwanamke aliyebeba mzigo usiokuwa wake, na ameshaanza kuwagawia watoto. Alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayejua kamwe. Mkuu hatasema, Mama Pacha hatasema. Angebaki kuwa shangazi, dada wa marehemu, mtu wa kukimbiliwa. Hana watu wengine duniani.

"Siku zile za foleni hazikumuua," alisema. "Alifika akiwa wa kupona. Mrija uliwekwa vizuri. Nyongo ilikuja kwetu vizuri. Ilikuwa na majibu yote. Aliyeandika imechafuka alifuata sheria niliyoiandika mimi, kwa mkono wangu, na aliponiuliza kama ni sahihi nilimfokea. Dawa ilikuwa kabatini, hatua tano kutoka kitandani. Mimi nilikuwa kazini siku zote hizo, wifi. Nilikataa kuangalia, nikajiona mwaminifu."

Akaeleza kila kitu. Alieleza pole pole, kwa maneno mepesi, kama alivyomweleza mdogo wake Jumatatu ile, asiache pa kutoeleweka. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka.

"Kwa nini umeniambia?"

"Ili usijilaumu."

"Mimi ningejisamehe," alisema wifi. "Nilikuwa nimeshaanza. Nilikuwa najiambia sikujua, mimi ni mtu wa kawaida, ningejuaje. Ingechukua miaka, lakini ningefika." Akainua uso. "Wewe ulikuwa unajua. Sasa nakusamehe vipi wewe?"

Mama Sahani aliuliza tu kama watoto watakuja kwake Jumapili kama kawaida.

"Ngoja kwanza," alisema wifi, akainuka, akaendelea kufagia.

Jumapili Mama Sahani alipika mapema, akaweka sahani nne mezani. Alikaa mpaka chakula kikapoa, akakifunika, akaendelea kukaa.